Kabla Hujaripoti Chuoni Kusomea Uchoraji na Ubunifu

Mjomba wa kwanza kusikia habari atauliza, "Kwani kuchora nako kunasomewa?" Mwambie Sam Ntiro wa Machame alisomea uchoraji Makerere, na uhuru ulipopatikana akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Huenda asitulie, lakini atanyamaza kidogo, nawe uendelee kujiandaa.

Anza na macho. Wengi wetu huingia chuo tukiwa mabingwa wa kunakili picha: wachezaji mpira, wanamuziki, sura ya mama kutoka kwenye simu. Siku yangu ya kwanza darasani mwalimu aliweka mezani sufuria iliyobonyea, kitunguu na kanga iliyokunjwakunjwa, akasema tuchore. Nusu saa baadaye sufuria yangu ilikuwa imeinama kama imelewa. Picha ya simu inakuletea kitu kimeshalazwa kwenye karatasi. Sufuria yenyewe inakutaka uamue mdomo wake unaonekana duara au yai, na kivuli kinaishia wapi. Kwa hiyo nunua daftari lisilo na mistari, uchore kila siku kilicho mbele yako: dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, mikono ya bibi ikichagua mchele, kuku. Kuku hatatulia, na hapo ndipo utakapojifunza kuchora haraka. Mimi ningependa kuona daftari hilo, na uchafu wake wote, kuliko picha moja nzuri iliyotiwa fremu.

Vyuo vingine huomba kazi zako, vingine hukupa mtihani wa kuchora, kwa hiyo soma masharti mapema. Peleka chache zilizo bora. Ukizipiga picha, fanya hivyo mchana kivulini, bila flashi, simu ikitazamana na karatasi bila kuinama.

Kwenye vifaa usijifilisi. Penseli za HB, 2B na 6B zinatosha kuanzia. Namba ya B ikipanda, penseli huwa laini na nyeusi zaidi. Makaa ya kuchorea hufutika ukiyagusa, ndiyo maana wanafunzi huyapulizia sprei ya nywele ili yashike karatasi. Turubai, kile kitambaa cha kuchorea, ni ghali? Edward Tingatinga alichora Dar es Salaam juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kawaida za dukani, na kazi zake zikazaa mtindo mzima. Ila tapentaini, ile ya kuzimulia rangi za mafuta, mvuke wake unadhuru, kwa hiyo usiifungue bwenini madirisha yakiwa yamefungwa. Kompyuta nayo isubiri mpaka ujue chuo kina maabara ya namna gani.

Waliokimbilia sanaa ili wakwepe insha hupata mshtuko: historia ya sanaa inasomwa na kuandikwa kweli kweli. Jizoeze mapema. Nenda kwenye kituo cha sanaa: Nafasi Art Space kama uko Dar, au Paa ya Paa, aliyoianzisha mchoraji Elimo Njau na wenzake Nairobi mwaka 1965. Chagua kazi moja tu, kaa nayo nusu saa, uandike ukurasa mmoja bila kutumia neno "nzuri".