Kumwajiri mchambuzi wa nje kabla ya kutengeneza programu

Mchambuzi wa mahitaji, yaani mtu anayeandika programu inatakiwa kufanya nini, aje kabla ya watengenezaji, na asitoke kampuni itakayojenga programu. Akitoka humo, ataandika kile wenzake wamezoea kuuza. Mwombe kwanza sampuli ya waraka wa mahitaji aliowahi kuandika, jina la mteja likiwa limefutwa. "Mfumo uwe wa haraka" si hitaji, maana halipimiki. Hitaji husomeka hivi: malipo ya M-Pesa yakiingia, risiti itoke ndani ya sekunde 5, namba ya akaunti ikikosewa, malipo yaende kwa mhasibu ayalinganishe. Hiyo sehemu ya pili ndiyo husahaulika, na ndiyo hula pesa baadaye.

Akae na keshia na mtu wa stoo, si meneja peke yake. Meneja hueleza utaratibu ulivyoandikwa. Keshia analijua daftari la pembeni linalotumika mtandao ukikatika.

Mlipe kwa hatua, fungu la mwisho ukishatia sahihi waraka. Mkataba useme waraka ni mali yako, na akiona taarifa za wateja, utaje Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Dai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Bila hiyo, KRA haitambui gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi.