Nyumba imeshuka bei, kodi haijashuka: jinsi ya kupinga makadirio ukiwa Dar es Salaam

Mzee anasimama kaunta ya stesheneri yangu, anatoa simu na kunionyesha ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. "Niandikie barua, mwanangu. Nyumba yangu ya Kigogo maji yanaingia kila masika, hata dalali haji tena kuitazama. Wanipunguzie kodi."

Huwa namvutia kiti kwanza. Barua anayoitaka naichapa kwa dakika kumi, ila haitamsaidia. Hoja ya "bei imeshuka" ina nguvu mahali pamoja tu, na mahali hapo si kwenye LUKU.

Kwanza ujue unapinga kodi ipi

Mwenye nyumba wa Dar hukutana na kodi tatu ambazo watu huzifunga kwenye kanga moja: kodi ya majengo, inayokatwa kwenye umeme, kodi ya pango la ardhi, inayolipwa kwa kumbukumbu namba ya Wizara ya Ardhi, na kodi ya ongezeko la mtaji, inayokuja siku unapouza. Ya kwanza haitazami thamani ya nyumba. Ya pili inatazama kiwanja kina ukubwa gani, kiko wapi na kinatumika kwa nini. Ya tatu ndiyo inayouliza nyumba ina thamani gani. Ukiipeleka hoja ya tatu kwenye dirisha la kwanza utarudishwa, na aliyekurudisha atakuwa na haki.

Kodi ya majengo: usiandike habari ya bei

Zamani majengo yalithaminiwa na kuandikwa kwenye daftari, na mtu aliweza kulipinga daftari. Siku hizi ni kiwango cha mkupuo. Agosti 2021 kodi hii ilipohamia kwenye LUKU ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya nyumba ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Chukua ujumbe wako wa umeme uusome mstari kwa mstari. Ukinunua wa shilingi 10,000 kwa mara ya kwanza mwezi huo, 1,500 inatoka kabla ya kitu kingine chochote. Zilizobaki 8,500 ndizo zinazogawanywa: umeme wenyewe 6,967.21, VAT 1,254.10, tozo ya REA (umeme vijijini) 209.02, tozo ya EWURA (msimamizi wa nishati) 69.67. Hakuna mahali hesabu hiyo inapouliza kama ukuta umepasuka au kama jirani kauza kwa hasara. Na ukikaa miezi mitatu bila kununua, usishangae kukuta 4,500 zimekatwa kwa mpigo. Hilo ni deni lililolala, si kosa la kupinga.

Yapo makosa yanayopingika, nayo ni ya aina nyingine kabisa. Nyumba moja ina mita tatu kwa sababu ya wapangaji, na kila mita inakata 1,500. Au nyumba ya chini imesajiliwa kuwa ghorofa. Au ghorofa ya sakafu mbili inakatwa kama ya sakafu tatu kwa sababu ya tangi na chumba kidogo juu ya paa. Au, kama kwa mzee wangu wa Kigogo, mwenye nyumba anastahili msamaha na hajui: mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu asiye na kipato, anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nyumba ya pili ya kupangisha haimo.

Anza serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji akuandikie barua inayosema wewe ndiye mwenye nyumba, unaishi humo, na nyumba ina sakafu ngapi. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa, uthibitisho wa umiliki (hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano), namba za mita zote zilizomo ndani ya nyumba, na picha ya simu ya jumbe za LUKU zinazoonyesha makato. Kama kesi ni ya mita nyingi, piga picha moja inayoonyesha mita zote ukutani pamoja, maana picha hiyo inamaliza nusu ya maswali. Peleka ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya eneo lako, na nakala ya pili ofisi ya halmashauri yako, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo, usije ukarushwa kama mpira kati ya ofisi na ofisi.

Mpangaji unayesoma hapa: unapokatwa unamlipia mwenye nyumba. Tunza jumbe, mkubaliane naye fedha hizo zitolewe kwenye kodi ya nyumba unayomlipa.

Pango la ardhi

Hapa ni vipimo. Lete hati na ramani ya upimaji, linganisha mita za mraba na matumizi yaliyoandikwa kwenye bili. Kiwanja cha makazi kikiandikwa biashara, au mita 600 zikawa 900, unaandika barua ya kurekebishiwa kwa ofisi ya ardhi. Ukibishania bei ya soko hakuna atakayekusikiliza.

Ukiuza: hapa ndipo thamani inapohesabiwa

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nyumba Dar zinashuka bei kwa sababu zinazojulikana: bonde la Msimbazi linajaa, barabara inapanuliwa na ukuta unapigwa X nyekundu ya kubomolewa, au wapangaji wa serikali wamehamia Dodoma. Unaishiwa subira, unauza kwa bei iliyopatikana. Kisha unakwenda kuhamisha umiliki na unakuta taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali inasema nyumba ina thamani kubwa kuliko uliyolipwa. Kodi inahesabiwa kwa ile iliyo juu.

Tuchukue mfano. Mtu alinunua nyumba Tabata mwaka 2012 kwa milioni 60, akaongeza vyumba na ukuta kwa milioni 25, risiti anazo. Ameuza kwa milioni 80. Kwa hesabu yake amepata hasara ya milioni 5, kodi hakuna. Uthamini unasema milioni 110. Kwa hesabu hiyo amepata ongezeko la milioni 25, na kwa mkazi kiwango ni asilimia 10: milioni 2.5. Angekosa risiti ingekuwa asilimia 3 ya milioni 110 yote, yaani milioni 3.3. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja risiti za mabati na saruji zikae kwenye bahasha moja na hati.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulipita. Nyumba uliyoimiliki miaka 3 au zaidi, na ukaishi humo jumla ya miaka 3, haitozwi kodi hii ikiwa ongezeko halizidi milioni 15. Mtu wetu wa Tabata, kama aliishi humo, hana haja ya kuushusha uthamini kutoka 110 hadi 80. Akiufikisha 100 ongezeko linakuwa milioni 15 kamili na amesamehewa. Kabla ya kuandika pingamizi, fanya hesabu hii ujue unapigania shilingi ngapi. Kudai kidogo chenye ushahidi kunafika mbali kuliko kudai kila kitu kwa maneno matupu.

Hatua ya kwanza ni kuandika tarehe. Siku makadirio, yaani hesabu ya TRA ya kodi unayodaiwa, yanapokufikia, andika tarehe juu ya bahasha kwa kalamu. Una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, kwa maandishi, ukitaja sababu. Zinahesabiwa tangu yalipokufikia, pamoja na Jumapili na Idi. Nimewaona watu wanaokuja siku ya 29 jioni wakitaka kuchapiwa kurasa nne, na umeme umekatika.

Ya pili ni kuomba taarifa ya uthamini yenyewe na kuisoma kama fundi anavyokagua tofali. Wengi hubishana na namba ya mwisho bila kufungua kurasa za ndani, na makosa yako humo. Angalia eneo la jengo kwa mita za mraba, idadi ya vyumba, aina ya paa, mwaka wa ujenzi, na kama gari linafika mlangoni. Angalia pia tarehe ya ukaguzi: ulifanyika kabla ya mafuriko au baada? Nyumba moja niliyowahi kuichapia barua, mthamini alikuwa ameandika "hali nzuri", wakati sebuleni mstari wa tope ulikuwa juu kidogo ya swichi ya taa, na rangi chini yake ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa chai. Mwenye nyumba alikuwa na picha aliyoipiga siku maji yalipotoka, kaweka rula ya shule ya mwanawe ukutani. Picha ile ilikuwa na nguvu kuliko aya zangu zote.

Ya tatu ni ushahidi wa soko. Mikataba ya mauziano ya majirani waliouza karibuni mtaa huo huo, wakikubali kukupa nakala. Barua ya serikali ya mtaa kuhusu mafuriko. Barua au picha ya alama ya X kama uko kwenye hifadhi ya barabara. Uthibitisho wa benki kwamba fedha uliyolipwa ndiyo hiyo milioni 80, si kwamba nyingine ilipitia mlango wa nyuma. Ukiweza, taarifa ya mthamini mwingine aliyesajiliwa. Hiyo inagharimu, kwa hiyo ipime na kodi unayoipinga. Dalali, hata awe rafiki, neno lake halitoshi.

Ya nne ni fedha, na hapa ndipo wengi hukwama. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kiasi usichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Kwa mtu wetu wa Tabata, theluthi ya milioni 2.5 ni 833,333. Ukiwa na sababu ya msingi ya kushindwa kulipa, unaweza kumwomba Kamishna akuondolee sharti hilo au alipunguze, lakini ombi liende mapema. Usikae ukisubiri majibu huku siku 30 zinayeyuka.

Ya tano ni barua. Iwe fupi. Mimi huichapa hivi:

"Yah: Pingamizi dhidi ya makadirio ya kodi, nyumba iliyopo kiwanja namba fulani, Tabata. Napinga makadirio yaliyonifikia tarehe fulani kwa sababu zifuatazo. Moja, taarifa ya uthamini inasema jengo lina mita za mraba 210. Vipimo vilivyoambatishwa vinaonyesha 164. Mbili, taarifa haikutaja kwamba nyumba huingia maji. Angalia picha na barua ya mtaa. Tatu, bei niliyolipwa ni shilingi 80,000,000 kama taarifa ya benki inavyoonyesha. Naomba thamani ipitiwe upya na kodi ihesabiwe kwa thamani iliyorekebishwa."

Chini yake jina, TIN (namba ya mlipakodi), namba ya simu, orodha ya viambatisho na stakabadhi ya malipo ya theluthi. Nakala moja kwa Mthamini Mkuu, ukiomba mapitio ya taarifa yake, kwa kuwa TRA si wao waliopima sebule yako. Usiweke matusi wala habari za kudhulumiwa. Anayesoma ana mafaili mengi mezani, anatafuta namba.

Ukijibiwa hapana

Kamishna anaweza kurekebisha makadirio, au kukutumia pendekezo lake ukapewa nafasi ya kujibu kwa maandishi. Jibu, hata kama unarudia uliyosema, kwa sababu ukikaa kimya faili linafungwa bila sauti yako.

Uamuzi wa mwisho ukitoka na hujaridhika, unakwenda Bodi ya Rufaa za Kodi: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, zote zikihesabiwa tangu ulipopokea uamuzi. Huko ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kwamba kodi imezidi, si TRA kuthibitisha kwamba ni sahihi. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufaa za Kodi, na juu yake Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za sheria tu. Kwa kodi ya milioni 2.5 wakili anaweza kuimaliza yote kwa ada, basi pima. Kama tatizo lako ni namna ulivyohudumiwa, barua kutojibiwa au faili kupotea, peleka malalamiko Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Hawatozi.

Mzee wa Kigogo, tuliacha habari ya dalali. Ana miaka 71, anaishi humo na mkewe, mita ni moja. Barua ya msamaha ilitosha nusu ukurasa, na kitambulisho chake tulikitoa nakala pande zote mbili.