Jinsi ya Kuamua Iwapo Ulanguzi Upigwe Marufuku

Kabla ya kudai sheria dhidi ya ulanguzi, yaani kununua bidhaa ili kuziuza tena kwa bei ya juu mno, anza kwa kuitazama bidhaa yenyewe: je, mtu akiikosa ataumia, au atasubiri tu? Mzazi anayezunguka duka hadi duka akitafuta maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, kisha akayakuta kwa mlanguzi kwa bei mara tatu, hana hiari, ilhali anayetaka mashine mpya ya michezo ya video anaweza kungoja shehena ijayo. Kwa mahitaji ya lazima naunga mkono marufuku bila kusita, kama Japani ilivyozuia kuuza tena barakoa kwa faida mwezi Machi 2020.

Kisha chunguza, na hili husahauliwa mno, jinsi mzigo ulivyopatikana. Aliyenunua tiketi moja ya tamasha akaghairi kwenda si sawa na aliyetumia programu ya kompyuta kuzizoa zote kwa sekunde chache, jambo ambalo Marekani ililiharamisha mwaka 2016. Unapopendekeza sheria, taja pia kikomo cha idadi kwa kila mnunuzi, kwa kuwa kudhibiti bei pekee huisukuma biashara hiyo mafichoni.