Kabla ya kufunga tabo kwenye dizeli ya zamani

Ukipandisha mlima Kitonga na Land Cruiser ya injini ya 1HZ iliyojaa mzigo, utaelewa kwa nini wenye gari hizi wakirudi Dar huulizia tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwenye vipuri vya Gerezani. Injini hiyo ya lita 4.2, silinda sita, ilitoka kiwandani bila tabo. Ni mvumilivu sana, na uvumilivu huo ndio ninaotaka usiupoteze.

Kwanza injini ipimwe. Kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ipimwe silinda moja moja, na namba zisitofautiane sana. Injini ikiwa ya moto, fungua kifuniko cha oili ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta: moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka, na hela ya tabo iende kwenye ovahoo. Nozeli na pampu ya dizeli zipite kwa fundi wa pampu. Rejeta izibuliwe, maana joto la hapa mjini halisaidii gari iliyokwama kwenye foleni ya Mandela.

Jambo kubwa ni joto la ndani. 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 22, na hewa ikibanwa zaidi hupata moto zaidi. Ndugu yake 1HD-T, iliyoundwa na tabo tangu mwanzo, hubana mara 18.6. Ndiyo maana presha ya tabo kwenye 1HZ inapaswa kuwa ya kiasi. Psi (kipimo cha presha) 7 hadi 10 inatosha kabisa. Na kwenye dizeli, hewa ikiongezeka peke yake, moshi wa ekzosi hupoa. Kinachoua ni skrubu ya pampu: fundi anaongeza dizeli ili gari "iamke", mwenye gari anafurahi, na mlima wa kwanza mrefu unapasua silinda hedi au kuyeyusha pistoni. Aluminiamu safi huyeyuka karibu nyuzi 660 za Selsiasi, na ekzosi ya dizeli iliyolishwa kupita kiasi huvuka hapo bila shida. Moshi mweusi ukiuona, dizeli imezidi hewa.

Kwa hiyo nunua geji ya joto la ekzosi kabla ya tabo yenyewe. Kihisi chake kikae kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), kabla ya tabo, na ukikaribia nyuzi 700 punguza mguu.

Tabo ya mtumba ishike shafti (mhimili wa katikati) uitikise: feni ikigonga ukuta wa tabo, iache. Mpira wa kurudisha oili uwe mpana na uteremke moja kwa moja hadi sampu (karai la oili chini ya injini), la sivyo oili itavuja upande wa ekzosi. Bomba la ekzosi la zamani huwa jembamba, na klachi iliyochoka itateleza; vyote viingie kwenye bajeti. Oili ibadilishwe mapema kuliko ulivyozoea. Iarifu kampuni ya bima.

Fundi akikwambia geji haina haja, mpe funguo fundi mwingine.