Kutenga kumbukumbu inayoshirikiwa na prosesa mbili
Nimelithibitisha hili juzi hapa Mombasa, kwenye bodi ndogo yenye prosesa mbili. Eneo la kumbukumbu ambalo prosesa hizo zinashirikiana lipewe nodi (kifungu) yake chini ya “reserved-memory” katika mti wa vifaa (device tree, maelezo ya vifaa vya bodi yanayosomwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo), liwekewe sifa ya “no-map”, kisha nodi ya kifaa ilirejelee kwa “memory-region”. Hapo kerneli ya Linux hailigawi eneo hilo kwa matumizi mengine wala hailiingizi katika ramani yake ya kawaida. Katika nodi ya “reserved-memory”, sifa ya “ranges”, ijapokuwa tupu, ni lazima, na idadi ya seli (“#address-cells” na “#size-cells”, zinazoonyesha urefu wa anwani na wa ukubwa) ilingane na ya nodi ya mzizi, iliyo juu kabisa ya mti (mimi nilipoteza jioni nzima kwa kulisahau hilo). Njia hii haifai ikiwa programu ya prosesa ya pili imejengwa kwa anwani tofauti na ya eneo hilo, wala “no-map” haiandikwi pamoja na “reusable” (sifa inayoiruhusu kerneli kulitumia eneo hilo).