SOMO: Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege kutoka Mombasa

Swali la ndege kuchukua muda gani hurudi humu kila mtu anapokuwa na mgeni wa kupokea. Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

1. Jua viwanja kwa herufi zake. Moi (Mombasa) ni MBA, Jomo Kenyatta (Nairobi) ni NBO. Wilson, kiwanja kingine cha Nairobi, ni WIL, usichanganye.

2. Tafuta latitudo na longitudo za kila kiwanja. Moi: -4.035, 39.594. Jomo Kenyatta: -1.319, 36.928.

Hapa ndipo hesabu huharibika. Tuko kusini mwa Ikweta, kwa hivyo latitudo yetu ina alama ya kutoa. Ukiiacha, kikokotoo hakikatai. Kitakupa jibu, nalo ni la uongo. Addis Ababa iko 8.978 kaskazini: kwa alama sahihi unapata kama kilomita 1,450, bila alama unapata kama 550. Ubaya ni kwamba Nairobi nako ni kusini. Ukisahau alama pande zote mbili, jibu hutoka sawa, nawe unadhani umeshajua. Tena angalia: 39°36′ ni 39.6, SI 39.36. Dakika hugawanywa kwa 60.

3. Tia namba kwenye kikokotoo cha umbali wa duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Mombasa–Nairobi ni kama kilomita 423.

4. Gawa kilomita kwa 800, mwendo wa ndege ya jeti kwa saa, kisha ongeza nusu saa. Ndege ya pangaboi, gawa kwa 500.

5. Saa za tiketi ni za kila mji kivyake. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Ukiondoka 15:00 (saa tisa alasiri) ukafika 21:00 ya kule, umesafiri saa tano, si sita. Wakati wa kurudi, unaongeza hiyo saa moja.

MASWALI

Bin Likoni: Mombasa Dubai ni saa ngapi?
— Hatua ya 4 na ya 5. Umbali ni kama kilomita 3,675. Gawa mwenyewe.

Bin Likoni: Si ungesema tu saa tano.
— Nimesema, hatua ya 5. Kesho utauliza ya Addis.

Mama Kizingo: Mwalimu, shikamoo. Kilomita 423 kwa mwendo wa 800 ni nusu saa tu. Mbona tiketi inaandika saa nzima?
— Marahaba mama, swali zuri hilo. Saa ya tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka na kungoja zamu ya kutua. Safari ikiwa fupi, ndege haikai na ule mwendo wa 800; ikimaliza kupanda, haichelewi kuanza kushuka. Ndiyo maana ile nusu saa haiachwi.

Fundi Changamwe: Mimi kikokotoo kinanipa 228. Kimeharibika?
— Hapana, ndugu yangu. Hizo ni maili za baharini, ndizo wanazotumia marubani. Moja ni kilomita 1.852. Zidisha, utarudi pale pale.

Mama Kizingo: Na Kilimanjaro huonekana upande gani?
— Ukienda Nairobi, kaa kushoto, dirishani. Ukirudi, kulia. Chukua ndege ya asubuhi mapema, mlima haujafunikwa na mawingu.