Pointi za zawadi mezani: waachie wachezaji wazigawe

Kwenye mchezo wa kuigiza mezani, ambapo kila mchezaji huigiza mtu wa hadithi na dadu huamua kama amefaulu, mchezaji anaweza kufanya jambo zuri kabisa na kanuni zisimpe kitu. Hadithi yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, inapita Bunkeya, mji mkuu wa mfalme M'siri, enzi zake, kabla hajauawa mwaka 1891. Dada anayeigiza mpagazi alikataa kumsaliti mzee aliyemlisha wakati wa njaa, akijua msafara utamwacha nyuma. Tendo kama hilo lazima lilipwe kwa pointi ya zawadi.

Tafuta kwanza kitu cha kushika, maana pointi za daftarini husahaulika. Sisi tunaokota vifuniko vya chupa za Simba kwenye nganda (baa), tunaviita misalaba, kwa kuwa zamani Katanga misalaba ya shaba ilikuwa pesa.

Sasa, nani atoe? Hapa sibembelezi. Katika kanuni za mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons za 2014, mwendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi, ndiye hasa anayetoa zawadi ya namna hii. Lakini yeye ana ramani, maadui na sauti za watu kumi kichwani, atasahau. Mpe kila mchezaji vifuniko viwili mwanzoni mwa kikao, vya kuwapa wenzake tu. Kifuniko ulichopewa ndicho unachoweza kutumia. Anayetoa aseme kwa sauti kwa nini anatoa, hata kwa maneno matano. Sharti hili linazuia marafiki kupeana kimyakimya, na mchezaji mwenye aibu anasikia kumbe walimwona.

Kifuniko kinanunua nini? Kurusha dadu tena na kuchukua namba iliyo bora. Kwa dadu ya pande 20, ukihitaji 11 au zaidi, nafasi yako ni asilimia 50. Ukiwa na mrusho wa pili inafika 75. Ukihitaji 16, inatoka 25 hadi karibu 44, kwa hiyo jambo gumu linabaki gumu. Ruhusu mtu alipe baada ya kuona dadu imemwangusha. Ukimlazimisha kulipa kabla, atabana vifuniko vyake hadi mwisho.

Matumizi ya pili nayapenda zaidi: kuongeza jambo katika hadithi. “Kijiji hiki kina mjomba wangu, mfua shaba.” Likivunja hadithi, likatae na umrudishie kifuniko chake.

Kikao kikiisha, vyote virudi kwenye kopo. Savage Worlds, mchezo mwingine wa aina hii, nao unampa kila mchezaji pointi 3 mwanzoni mwa kikao, na zinazobaki hazivuki.

Usilipe mahudhurio. Anayetoka mtaa wa Katuba akikosa makuta ya taksi, asikute wenzake wamemzidi kwa sababu hiyo.

Anza na viwili viwili. Vikiisha mapema na watu bado wanataka kutoa, ongeza kimoja. Vikirudi koponi bila kuguswa, wewe mwenyewe toa cha kwanza kikao kijacho, na useme sababu yako wazi.